Filamu Uliyotuomba Tuirudishe

Papa Donatien,

Mwezi wa nne sasa tangu tukuzike, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa mezani pako bila kukiogopa kiti. Mama Régine wako amenifungulia chumba cha montaji, pale ulipokuwa unakatia filamu, akafuta vumbi kwa kitenge chake mwenyewe, akasema, "Fanya kazi, mutoto. Miye niko inje." Nilikuja kusafisha sauti ya filamu. Badala yake nimechukua karatasi.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha kitabu, kile ulichotufundishia kusoma masomo ya misa. Utanisamehe nikiteleza. Hata hadithi zako zote uliziandika kwa Kiswahili hicho, halafu ukiona tunaigiza kama watu wanaosoma tangazo la serikali, unasema, "Sasa muache karatasi. Museme sawa bantu ba hapa kwetu Katuba."

Mama Régine anakula. Siku za kilio alikuwa anaonja bukari, ugali wetu, na kusukuma sahani, lakini tangu mvua ziishe amerudia bustani yake ya mchicha wa lengalenga, na juzi nilimsikia akigombana na jirani juu ya kuku. Nilifurahi kusikia ugomvi ule. Paa la chumba hiki linavuja upande wa kabati, tumelisogeza. Na filamu imekwisha, Papa. Tukio la mwisho ulilotuachia bila kulipiga, tumelipiga. Nitafika huko. Acha nianze mbali kidogo, maana kuna jambo sikuwahi kukuambia ulipokuwa hai, na siwezi kulisema bila kulizunguka kwanza.

Unakumbuka nilivyofika kwenu. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kule Kasapa, najiona najua sinema kwa kuwa nimetazama nyingi. Wenzangu walinileta ukumbi wa parokia kuona filamu ya mwalimu mmoja mstaafu. Malaika alipotokea na mabawa ya chandarua, moja limeshonwa juu, lingine chini, nilicheka mpaka watu wakageuka. Walipotoka, ulinijia na miwani yako iliyofungwa waya. Nilijua unakuja kunikemea.

"Ni weye njo ulikuwa unacheka?"

Nikakubali.

"Unacheka juu ya nini?"

Nikasema mabawa. Ukafikiri. "Iko kweli. Kuya kesho, utushonee malaika muzuri."

Nikaja. Malaika wangu hakuwa mzuri kuliko yule wa kwanza, lakini siku hiyo ulinipa kamera nikushikie wakati unapanga waigizaji, na hukuidai tena.

Halafu ikaja filamu ya Bibi wa Lupango wa Nyuma. Sehemu ya huyo bibi uliiandika kwa ajili ya Mama Yolande. Nani hakumjua Mama Yolande: mjane, sauti nzito ya kwaya yetu, muuza samaki wakavu wanaotoka ziwani, Kilwa yetu, alikozaliwa, mtu wa kuchekesha hata waliotoka kuzika. Ukamfanya bibi anayekaa katika ua wa nyuma na kula bahati ya wajukuu wake, mpaka watu wa maombi wanamfunua, anaanguka, anakiri, na kesho yake wajukuu wote wanapata kazi. Filamu za dini zilizozunguka mjini zilikuwa hivyo karibu zote. Nilipokuuliza kama sisi pia lazima tupite njia hiyo, ulijibu kwamba mwalimu huanzia pale mwanafunzi anapojua, kisha anamsogeza. Nadhani ulikuwa unajijibu mwenyewe.

Na Mama Yolande alicheza. Tulimpaka unga usoni, akainamisha kichwa, akainua macho polepole kwenye kamera, na mimi niliyeishika nikarudi nyuma hatua moja. Picha ile ilizunguka mji mzima. Ilinakiliwa kwenye diski, ikaingia kwenye simu, ikafika mpaka migodini, madereva wakaipeleka upande wa Kinsevere na mbele zaidi. Watoto waliiga sauti yake barabarani. Papa Kasereka, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la jumla na malori, alikuja mwenyewe kwenye lupango wako na Biblia mkononi, akasema filamu hii imerudisha wafanyakazi wake kanisani, na tukitaka kutengeneza sehemu ya pili atatuletea kamera mpya na lori la kutubeba. Sote tulikuwa tunacheka siku hiyo. Jina langu lilikuwa kwenye filamu, Papa. Clarisse, kamera na montaji. Mama yangu aliisimamisha picha pale pale lilipoandikwa jina, akawaita majirani.

Mama Yolande ndiye aliyeanza kuona. Mwanzoni alitusimulia kama mzaha: akina mama wanawavuta watoto wanapopita meza yake sokoni. Halafu samaki wake wakaanza kubaki. Halafu Jumapili moja, wakati wa kupeana amani, alinyoosha mkono kwa mwanamke wa jirani yake kwenye benchi, na yule mwanamke akaficha wake ndani ya kitenge. Mimi niliona nikiwa nyuma. Wewe uliona ukiwa mbele, tayari umesimama kwenda kusoma matangazo. Uliyasoma vibaya siku ile. Ulirudia tangazo moja mara mbili.

Wiki ile ile mimba ya mkwe wake ilitoka. Na mwanawe Fabrice, ambaye Mama Yolande alimlea peke yake kwa samaki wale wale, akamwambia aende akalale kwingine. Alikuja kwako asubuhi na mfuko mmoja wa nguo na beseni la samaki kichwani. Nilikuwepo, nilikuwa nasubiri umeme urudi. Hakulia. Alitueleza maneno ya mtoto wake kama mtu anayetoa ujumbe: "Anasema muntu hawezi kuigiza vile kama hakuna kintu ndani yake."

Ulikaa chini, juu ya tofali karibu na bomba. Nilitegemea utasali, au utamlaani Fabrice, au utasema Mungu anajua. Mama Régine akatoka kuangalia kuna nini. Ndipo ukasema, "Ni miye njo niliandika. Yolande, ni miye."

Hayo tu. Mama Régine akapokea beseni.

Niliwahi kusikia mahubiri mengi juu ya toba. Lakini mtu akitaka nimweleze toba, namweleza wewe sokoni. Kesho yake ulivaa koti lako la Jumapili ukaenda kukaa kwenye meza ya Mama Yolande, wewe mwalimu wa nusu ya wazazi wa soko lile, ukawa unapanga samaki. Hukuhubiri. Mtu akikusalimia, "Mwalimu, unafanya nini huku?" unajibu, "Nauzisha samaki na mama huyu." Saa sita ukaomba makaa kwa muuza mahindi, ukachoma samaki mmoja, ukamla palepale, kichwa na yote, mbele ya watu. Mwanamke mmoja uliyemfundisha kusoma alikuangalia, akamwangalia Mama Yolande, akaenda zake. Siku ya pili akarudi akanunua. Ukakaa wiki tatu. Magoti yako yalivimba na Mama Régine akawa anakukanda kwa maji ya moto kila jioni, akinung'unika kwamba umezeeka sana kuwa muuza samaki.

Na Fabrice. Ile ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote. Ulinichukua mimi na kompyuta, tukaenda kwake. Alitufungulia mlango kwa heshima ya mwalimu, lakini hakutupa viti. Mke wake alikuwa amelala chumbani. Nilidhani utamwambia mheshimu mama yako. Uliniambia, "Clarisse, muonyeshe makosa yetu."

Picha tulizozikata. Nilikuwa nimezihifadhi kwa uvivu tu, sikupata muda wa kuzifuta. Nikazifungua. Mama Yolande mwenye unga usoni anainua macho, anaangua kicheko. Tena: anainua macho, anapiga chafya. Tena: anasahau maneno, anauliza, "Nilisema muzuri?" Mara kumi, Papa, kabla ya ile moja iliyowatisha watu. Fabrice alitazama akiwa amesimama, mikono kifuani. Ikafika ile ya saba. Katikati ya kuigiza, macho yake yakiwa kwenye kamera, ya kutisha kabisa, Mama Yolande anakatisha, anageuka pembeni anamwita mtu: "Ule anaenda kwetu, amuambie Fabrice bukari iko mu sufuria, asilale njaa."

Fabrice akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Safari ya tatu alikuwa amekaa chini. Mke wake alikuwa ametoka chumbani, ameshika ukuta. Ni yeye aliyesema, "Enda ukamutafute mama." Wewe ulikuwa umegeuka unaangalia dirisha, ili kijana asione kwamba umemwona akilia.

Mama Yolande alirudi nyumbani kwake siku hiyo. Ungeweza kuishia hapo. Mimi ningeishia hapo.

Lakini ulimwomba padri ruhusa, na Jumapili baada ya matangazo ukavua miwani, ukasema mbele ya kanisa zima, "Nilikosa. Nilichukua uso wa mama mumoja, nikaupatia uchawi, nikasema ni kwa ajili ya Mungu. Kila mwenye iko na ile filme, naomba airudishe." Sasa nakuambia lile jambo. Nilikuchukia. Nilikuwa nimesimama nyuma na niliona jina langu likitupwa pamoja na filamu. Kundi lingine la maigizo lilikuwa limeshaniita, na jioni ile niliwajibu kwamba nakuja. Kwa siku nne hukujua kwamba mimi si wako tena.

Siku ya tano nilikuja kuchukua vitu vyangu, nikamkuta Papa Kasereka hapa ndani. Nilisimama mlangoni. Alikuwa anaongea kwa uchungu wa kweli, sitamsingizia. "Mwalimu, ile filme inaleta bantu ku maombi. Unataka kuzima kintu Mungu anawasha?"

Ukamjibu taratibu, kama unavyomwelekeza mwanafunzi hesabu: "Inaleta bantu ku maombi, na inamutosha mama mumoja inje ya nyumba yake. Papa, huyu mumoja njo nitaulizwa."

Akaondoka na lori lake, na kamera mpya haikuja. Ukaniona mlangoni, na mfuko wangu. Nadhani ulielewa. Ulisema, "Ingia, tukate ile sauti ya upepo." Nikaingia, nikakata sauti ya upepo. Kundi lile lingine bado wananisubiri mpaka leo.

Diski zilirudi chache. Za kwenye simu hazikurudi. Nani anaweza kurudisha kitu kilichokwisha kuingia kwenye simu? Waigizaji sita walituacha. Ukaweka utaratibu wako mpya, na wengine waliuona ni wa kijinga: kabla ya kupiga filamu unakwenda kula kwa kila mwigizaji, unaieleza familia yake hadithi mwanzo hadi mwisho, na filamu ikiisha kuonyeshwa, waigizaji wanatoka mbele na nguo zao wenyewe, wanasema majina yao na kazi zao. Mama Yolande alikuwa wa kwanza siku zote. "Naitwa Yolande. Nauzisha samaki. Muje munizoee."

Ndipo ukaandika hii ya mwisho, ya dereva aliyegonga mtoto barabarani, mtoto akafa, naye akakimbia, na jinsi inavyomchukua muda kurudi kwenye nyumba ya yule mtoto kusema, ni mimi. Hakuna pepo ndani yake, hakuna malaika. Nilikutania kwamba nimekosa kazi ya kushona. Hukuwahi kuniambia umeitoa wapi, na sikuuliza.

Ulianguka kabla hatujapiga tukio lile la dereva kufika nyumbani kwa mtoto. Hospitalini upande mmoja wa mdomo ulikuwa umepooza, na nilikuwa nainama kukusikiliza. Watu wanadhani ulituachia maneno makubwa. Ulisema, "Ule mama wa mwisho, usimupatie maneno mingi." Kisha ukauliza kama betri zimechajiwa. Nikasema ndiyo. Hazikuwa zimechajiwa, Papa. Nisamehe na hilo.

Baada ya kilio tulikutana hapa kumaliza. Wenzetu walisema lazima mwisho uwe na mahubiri, watu watajuaje kwamba ni filamu ya dini? Nikajitetea kidogo, halafu nikachoka. Wewe hukuwepo na mimi sina sauti yako. Nikaandika mahubiri, kurasa nne, ya kusemwa na mama wa mtoto, ambaye anachezwa na Mama Yolande. Niliweka Zaburi mbili. Siku ya kupiga nilimpa karatasi, akazisoma zote amesimama, midomo ikitikisika. Akanirudishia.

"Clarisse, huyu mama mutoto wake alikufa. Iko na nguvu ya kusema hii yote?"

Nikazikunja. Wenzetu waliona, wakaenda kupanga benchi.

Basi tukapiga hivi. Dereva anafika, anavua kofia, anasema alichofanya. Mama Yolande amekaa kwenye benchi. Anamwangalia. Nilishika kamera na nikahesabu pumzi zangu ili isitikisike, kama ulivyonifundisha. Nikadhani amesahau. Halafu akasogea, kidogo tu, akaacha nafasi kwenye benchi. "Ikala," akasema. Dereva akakaa. Hakuna kingine.

Tuliionyesha kwanza Kasapa, Jumamosi mchana, ukumbini kwa wanafunzi. Unawajua wanafunzi, nilikuwa mmoja wao. Walipiga kelele nusu ya kwanza, wakamkosoa dereva, wakacheka viatu vyake. Kwenye benchi walinyamaza. Nilianza kupumua. Taa zikawashwa, Mama Yolande akatoka mbele na kitenge chake cha kwaya, na kabla hajafungua mdomo sauti moja ikatoka nyuma: "Bibi wa Lupango wa Nyuma."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Miaka yote ile, Papa, na bado. Nilitaka kwenda kumchukua nimtoe. Yeye akangoja wamalize.

"Ni miye njo ule," akasema. "Na ile filme iko bongo, ya uongo tu. Mwenye kuiandika alikufa juzi juzi, na alikufa anaomba musamaha. Ikaleni, niwaambie vile alifanya."

Akawasimulia. Tofali karibu na bomba, koti la Jumapili, kichwa cha samaki, bukari mu sufuria. Alisimulia muda mrefu karibu kama filamu yenyewe, na hakuna aliyetoka. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alitoa simu yake, nikadhani anarekodi. Alikuwa anaifuta ile filamu ya zamani. Akamwonyesha Mama Yolande kioo kwamba imeondoka. Ni simu moja. Nilitaka ujue kuhusu hiyo simu moja.

Papa Kasereka alikuwa amekaa mwishoni kabisa, sikumwona akiingia. Alikuja nje tulipokuwa tunafunga nyaya. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Hakusema kwamba alikosa, wala sikumdai. Alisema, "Nasikia munataka kufika Kilwa. Ile barabara itawaua na gari ndogo. Lori langu inaenda siku ya nne." Kisha akambebea Mama Yolande mfuko wake mpaka barabarani.

Siku ya nne ni kesho, Alhamisi. Ndiyo maana nakuandikia leo. Mama Yolande hajarudi Kilwa tangu filamu ile ifike huko kabla yake. Dada yake mkubwa, aliyemlea, hapokei simu zake, na wakati wa msiba wa kaka yao alituma mtu kusema Yolande asije. Mama Yolande amenunua kitenge kwa ajili yake. Amekikunja na kukikunjua mara nyingi mpaka mikunjo imebadilika. Ananiuliza, "Atanifungulia?" Simjibu, kwa sababu sijui, na wewe hukupenda tujibu tusiyoyajua.

Wenzetu wanataka nipige picha wakikutana. Wanasema itakuwa filamu kuliko filamu, dada wawili, ziwa nyuma yao, watu watalia, wataamini. Labda wanasema kweli.

Kwaheri, Papa Donatien. Mama Régine ananiita nikale, na mkono umechoka. Mungu akupokee na koti lako na magoti yako yaliyovimba. Nakuahidi hili: tukifika Kilwa nitakwenda kwanza kwa yule dada, nitakaa pale atakaponikalisha, nitamweleza kila kitu tulichomfanyia ndugu yake, kwa jina langu na kwa jina lako. Na akifungua mlango, au asipofungua, kamera itabaki ndani ya lori.

Mwanao,
Clarisse